Kibao cha Naibu Gavana Rong

Kwa miaka ishirini na tisa Miao Cuilian alipanga meza kuu ya ukumbi wa mikutano wa serikali ya jimbo, na hakuwahi kukosea hata mara moja. Alikuwa akivuta uzi kutoka ncha moja ya meza hadi nyingine, akisogeza vikombe vya chai mpaka mikono ya vikombe vyote itazame upande mmoja, kisha akipima kwa tepu ya fundi cherehani nafasi kati ya kiti na kiti. Kiongozi wa kwanza hukaa katikati, wa pili kushoto kwake, wa tatu kulia, wa nne kushoto tena, na kuendelea hivyo mpaka mezani kuishe watu. Mumewe alikuwa akimtania kwamba hata vijiti vya kulia nyumbani kwao vina vyeo.

Zilibaki siku arobaini astaafu. Aliambiwa ataagwa kwa heshima, na hakutaka kingine duniani ila kuondoka na sifa yake ikiwa nzima.

Asubuhi ya mkutano wa usalama wa migodi, meza kuu ilikuwa ya watu tisa: viongozi wanane wa jimbo na mgeni mmoja kutoka Beijing. Miao alikuwa ameshamaliza kazi alipoona tone la chai kwenye kibao cha Naibu Gavana Rong Zhaoyuan, ambaye kwa cheo alikuwa wa saba. Vibao vyenyewe ni karatasi ya waridi iliyokunjwa, na chai haifutiki juu yake. Akakitia kibao mfukoni mwa aproni aende kuchapisha kingine. Hajafika mlangoni, simu ikalia: mgeni wa Beijing haji, ondoa kiti chake, na Katibu wa Chama yuko njiani, amewahi dakika ishirini.

Akarudi mbio. Akaondoa kiti cha mgeni. Akaondoa na kiti kingine kilichosimama bila kibao, kwa sababu kanuni ya ukumbi ule ni moja na haina mjadala, kiti kisicho na jina hakikai meza kuu. Akavuta uzi, akapima upya. Viti vilivyobaki vilikuwa saba, na saba ina katikati yake, hivyo kiti cha Katibu kikaangukia chini ya nembo ya ukutani sawasawa. Wangebaki wanane, hesabu ingepinda na jicho lingemshtua. Lakini jicho lilisema sawa, na jicho la Miao halikuwahi kubishiwa na mtu, hata na Miao mwenyewe.

Muziki ukapigwa. Viongozi wakaingia kwa mstari, kila mmoja akaenda kwenye kibao chake bila kutazama, maana miaka imewafundisha. Rong alifika mahali pake akakuta kibao cha mtu mwingine. Akatembea nyuma ya viti mpaka mwisho wa meza akisoma majina, akarudi akisoma tena kutoka upande wa pili. Makada mia sita walikuwa wamekaa mbele yake na madaftari yao. Kisha Naibu Gavana Rong akavuta koti lake vizuri, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Na jambo la kuchekesha, kama mtu ana moyo wa kucheka, ni kwamba ripoti ya usalama wa migodi ilikuwa ya Rong. Yeye ndiye aliyesimamia migodi, yeye ndiye aliyepaswa kuisoma. Ilipofika ajenda ya tatu, Katibu wa Chama alitazama kushoto, akatazama kulia, akatangaza ajenda ya nne. Mkutano wa usalama wa migodi ukaisha bila mtu kutaja migodi, na ukapigiwa makofi marefu.

Baadaye ilijulikana kila mtu aliwaza nini. Katibu alidhani Beijing imeamua kumng'oa Rong kimyakimya na haikumwambia. Gavana alidhani Beijing imemwambia Katibu, ila Katibu hakumwambia yeye. Wengine walidhani wote wawili wanajua. Kuuliza kungekuwa kukiri kwamba hukuambiwa, na kiongozi asiyeambiwa mambo ana siku chache. Basi kila mmoja akafanya uso wa mtu anayejua.

Mambo yakaenda upesi. Televisheni ya jimbo, ambayo huorodhesha waliohudhuria kwa kunakili vibao, haikumtaja. Dereva wake alisema gari lina hitilafu. Karani wake aliomba ruhusa ya kung'oa jino. Kwenye ukumbi wa chakula Rong aliketi na bakuli lake la tambi, na meza sita za jirani zikahama moja baada ya nyingine, watu wamebeba bakuli zao wakijisemea kwamba pale kuna upepo. Siku ya pili picha yake ukutani ilikuwa imeondolewa. Hakuna aliyeagiza iondolewe. Mtu wa usafi aliona tu itakuwa salama zaidi.

Miao alikikuta kile kibao saa sita mchana siku ile ile ya mkutano, alipokuwa akitundika aproni. Akakaa juu ya katoni ya vikombe. Hakuwa mtu wa kujidanganya. Alijua kosa la meza kuu linaitwa ajali ya kisiasa, na mtu mwenye ajali ya kisiasa haagwi kwa heshima, tena hata malipo yake ya uzeeni yanaweza kushushwa daraja. Alijua pia kwamba katika viongozi wote wa jimbo, Rong peke yake ndiye aliyekuwa akimwita kwa jina na kumshukuru akimwongezea maji ya moto. Alikaa pale kama robo saa akilia na kujitukana. Kisha akanawa uso, akaenda kwa mkuu wa ukumbi, Hou.

"Mkuu, nimemsahau Naibu Gavana Rong," alisema. "Kibao chake hiki hapa. Kilikuwa mfukoni mwangu."

Hou alifunga mlango, akafunga na dirisha. "Dada Miao, mimi na wewe tumefanya kazi pamoja miaka mingapi?"

"Kumi na saba."

"Basi usinifanye mtoto. Kakupigia nani?"

"Hajanipigia mtu. Nilisahau."

"Safi kabisa," Hou alisema kwa sauti ya chini, na macho yake yalijaa heshima ambayo Miao hakuwahi kuiona ikielekezwa kwake. "Akikuuliza mwingine, mjibu hivyo hivyo."

Akaenda ofisi ya itifaki. Mkuu wa huko aliziba masikio kwa viganja vyote viwili na kumwomba asimtajie jina la mtu yeyote, ana watoto. Akaandika barua ya kukiri kosa, akaigonga alama ya kidole kwa wino mwekundu, akaipeleka ofisi ya serikali. Ikarudi kesho yake na maneno ya wino pembeni: hairuhusiwi kueneza habari za ndani. Mtu aliyeogopa maisha yake yote kukosea, sasa kakosea, na jimbo zima linakataa kosa lake.

Siku ya tano alikata shauri amwendee Rong mwenyewe. Kwenye mtaa wa viongozi askari wa lango alimfungulia bila kumuuliza chochote, maana habari za yule mama wa chai zilikuwa zimeshafika mpaka langoni. Alimkuta mke wa Rong jikoni akikunja vifuko vya unga vya nyama na vitunguu, vile ambavyo watu wa kaskazini humlisha anayesafiri. Vifuko vilikuwa vikitoka vimepinda. Begi dogo lilikuwa mlangoni. Ndani mlikuwa na mswaki, dawa za presha na suruali mbili za kuvaa ndani wakati wa baridi.

"Umekuja nao?" Rong aliuliza akichungulia nyuma yake.

"Nimekuja peke yangu, Naibu Gavana." Miao akakitoa kibao, akakishika kwa mikono miwili mbele yake. "Kilidondokewa na chai. Nikakitia mfukoni nikakusahau. Hakuna jambo jingine lolote. Hakuna mtu anayekutafuta."

Rong alikichukua, akakigeuza, akalitazama tone. Kisha akaanza kucheka, kwanza taratibu, halafu kwa nguvu mpaka mkewe akatoka jikoni mikono ina unga, na walipomtazama vizuri wakaona kwamba analia.

"Dada Miao," alisema, "mbona hukuja jana?"

Jana asubuhi alikuwa amepeleka barua kwa Tume ya Nidhamu ya Chama. Siku tatu nzima aliketi akijiuliza wamemshika kwa lipi, na kwa kuwa hakujua ni lipi, akaandika yote. Aliandika katoni mbili za pombe za sikukuu ya mwaka mpya. Akaandika kazi aliyomtafutia mpwa wake, mchoro wa mwandiko wa brashi aliopewa na mwenye mgodi, na kibali kimoja alichokisaini bila kukisoma, ambacho ndicho kilichokuwa kikimnyima usingizi. Rong hakuwa malaika. Lakini pia hakukuwa na mtu aliyekuwa akimfuatilia, na angestaafu miaka miwili baadaye apande vitunguu, asijue mtu.

Miao alimsihi airudishe barua. Rong alimwambia barua ya aina ile hairudi. Wakala vile vifuko vilivyopinda na siki, wote watatu. Saa tisa alasiri gari la Tume likaja.

Wiki iliyofuata mtu wa Tume alimwita Miao. Alikuwa kijana mstaarabu, kamwandalia chai yeye mwenyewe, na mkono wa kikombe ulitazama upande usiofaa. Miao aliusogeza bila kujijua.

"Mama Miao, tuwe wakweli," kijana alisema. "Sisi Tume hatukuwa na hata karatasi moja juu ya Rong. Wewe ulimtoa meza kuu siku tatu kabla ya yeye kukiri. Ulijuaje?"

"Sikujua. Nilisahau. Yule mtu hakuwa ametafutwa na yeyote, ameogopa tu kwa ajili yangu. Andika hivyo, tafadhali. Niandikie mimi kosa, mwandikie yeye nafuu."

Kijana aliandika, na Miao, ambaye maisha yake yote alisoma majina yaliyopinduliwa kutoka upande wa pili wa meza, akayasoma maneno yale bila shida: anajua kutunza siri, apendekezwe kwa tuzo.

Tangu hapo hakuwa na amani. Viongozi waliomwona miaka yote kama sehemu ya mapazia walianza kupita ukumbini asubuhi kumjulia hali. Mmoja alimletea tende nyekundu za kijijini kwao, mwingine akamuuliza habari za magoti yake, mwingine akasimama tu mbele ya meza akihesabu vibao kwa macho mpaka aone chake, ndipo ashushe pumzi na kwenda zake. Kwa kila mmoja Miao alisema, nilisahau. Kila mmoja aliitikia kwa kichwa. Tende alizirudisha, zikaletwa nyingine zaidi.

Siku ya arobaini ikafika. Ukumbi ulijaa, makada mia sita na madaftari yao, na Miao akapandishwa meza kuu kulia kwa Katibu wa Chama, mahali pa wa tatu. Kibao chake walikipanga vijana, naye alijizuia kukinyoosha. Gavana alisoma tuzo: mfanyakazi mwenye umakini wa kisiasa wa hali ya juu. Wakamwomba aseme neno kwa wanaochipukia.

Miao alisimama. Alikuwa amelala na kuamka na neno hilo.

"Nilimsahau Naibu Gavana Rong," alisema kwenye kipaza sauti. "Kibao kilidondokewa na chai nikakisahau mfukoni. Nyinyi wote mlimwona akitafuta kiti, na hakuna aliyemuuliza, ndugu, vipi. Mngemuuliza, leo angekuwa hapa. Nimemkosea na ninaomba radhi."

Kisha kwenye safu ya mbele mtu akaanza kuandika, wa pembeni yake akaandika, na Miao akasikia kalamu mia sita zikikwaruza. Makofi yakafuata. Watu walisimama. Hou alikuwa akifuta machozi na kumwambia wa jirani yake kwamba huo ndio unyenyekevu wa watu wa zamani.

Alikaa chini, amechoka kuliko siku yoyote aliyowahi kuhamisha viti. Hapo ndipo Katibu wa Chama, mtu ambaye watu milioni thelathini na sita walisimama akiingia, alipomwinamia huku akiendelea kupiga makofi na kutabasamu kwa kamera.

"Dada Miao," alinong'ona bila kusogeza midomo. "Mkutano wa mwezi ujao. Mimi nitakaa?"

Miao alimgeukia. Shavu la Katibu lilikuwa likirukaruka chini ya jicho, na kwenye shingo yake, juu ya kola nyeupe, jasho lilikuwa likishuka. Ulikuwa uso wa Rong alipokuwa akirudi nyuma ya viti akisoma majina kwa mara ya pili. Miao hakujua nani angekaa mwezi ujao. Kesho yeye hata ufunguo wa ukumbi hangekuwa nao. Alifungua mdomo aseme ukweli, kama alivyousema kwa Hou, kwa Tume, na sasa hivi kwa watu mia sita.

"Utakaa, Ndugu Katibu," alisema. "Katikati."

Katibu alifumba macho, akashusha pumzi, rangi ikamrudia usoni. Alimwamini papo hapo.