Karanga za Mbegu kwenye Chungu cha Wageni

Karanga zile zilikuwa mbegu. Nililisema hilo, nikiwa nimepiga magoti kama inavyotakiwa, na sikusikilizwa.

Nilikuwa bibi-arusi wa mwaka wa kwanza hapa mjini Baraka, kando ya ziwa. Wakati ule, miaka ya hamsini, mke mgeni hakuwa na mafiga yake. Alipika kwa mama mkwe, akala kwa mama mkwe, mpaka avune shamba lake mwenyewe. Hapo ndipo angewasha moto wake. Shamba nilishapewa, dogo, nyuma ya nyumba, na nililima peke yangu, kwa sababu mume wangu alishinda kwenye mashamba ya pamba ya lazima ya serikali. Mbegu alinipa mama yangu kule kwetu Lweba, karanga kavu na maganda yake, zimechaguliwa moja moja. Nilizitundika kwenye kikapu juu ya moshi, nikingoja mvua.

Basi wakaja wageni wa mama mkwe, kwa mtumbwi kutoka Ubwari.

"Binti, chemsha kalanga."

"Mama, zile ni mbegu."

"Mugeni iko leo," akasema. "Mvua iko kesho." Akakishusha kikapu kwa mkono wake.

Ningefanya nini? Mama mkwe hajibiwi mara mbili. Lakini karanga za kuchemsha ni zile mbichi, zimeng'olewa asubuhi, bado zinanuka udongo. Hizo huiva upesi na chumvi inaingia. Kavu zinaelea tu. Nilizigandamiza kwa sahani na jiwe, nikaongeza maji, nikaongeza kuni nilizozibeba mwenyewe, tangu adhuhuri mpaka alasiri, na ukibonyeza bado ngumu. Nilichochea moto huku nalia kwa hasira, nikisingizia moshi. Wageni wakatafuna. Mmoja akasema watu wa Baraka hawajui kupika karanga. Nusura nimmwagie maji yale miguuni.

Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hao walikaa mpaka kikapu kikaisha, na jembe hawakuligusa. Nilipomweleza mume wangu, akanawa mikono, akasema, "Mama njo mama," yaani mama ndiye mama, habishiwi. Ndio msaada wote nilioupata kwake.

Mvua ikanyesha. Nilituma habari Lweba. Mama akajibu kwamba zake zimeshaingia ardhini zote. Majirani nao, nani atakupa mbegu wakati wa kupanda? Nikawa nasimama mlango wa nyuma, natazama shamba langu linavyoota magugu.

Siku moja mama mkwe akapita, akaliona. Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Shamba akampa wifi yangu, binti yake, kisha akanigeukia kwa upole.

"Binti, muntu hana na mbegu, anatafuta mafiga ya nini?"

Nikapiga magoti, nikasema ndiyo mama. Halafu nikaenda kupuliza moto wake, maana ugali wa jioni ulikuwa haujapikwa.