Mtazamaji Bora wa Mazishi ya Baba

Siku ya tisa baada ya kumzika baba, simu yake iliita. Alikuwa ameshinda zawadi.

Zawadi ya nini, nitakwambia. Nikianza na mwisho utasema natunga.

Hapa kwetu Kumasi, watoto hununua jeneza. Mipango mingine ya mazishi ni ya ukoo wa baba, na mkuu wa ukoo ni Mzee Agyapong, mtu aliyeachana na aibu zamani.

Jamaa wa kivinjari kipya cha intaneti, Zipa, wakamfuata. Wangeleta mahema, viti na maji. Nao walitaka kitu kimoja: mazishi yarushwe mubashara, yatazamwe ndani ya Zipa tu.

"Mzee, na dada Afriyie je?" nikamuuliza.

Dada yuko Hamburg, hana makaratasi. Akitoka kule harudi. Hiyo mubashara ndiyo ilikuwa nafasi yake pekee ya kumuaga baba.

"Atapakua, Dufie. Kwani Wazungu hawana bando?"

Jumamosi ikafika. Mahema ya njano, viti vya njano, hadi picha ya baba wameibandika nembo yao.

Msichana wao akawa anapita kwa waombolezaji. "Mama, pole. Nipe simu nikuwekee Zipa, upate pakiti ya tambi."

Pole na tambi, pumzi moja! Hata simu ya baba, tuliyoiweka mezani kando ya picha yake, hakuiacha; akaiwekea Zipa. Alitaka idadi ya waliopakua.

Haikupita saa, wapinzani wao, Toro, wakatia timu na mashati ya bluu.

"Futeni hiyo takataka, inakula bando! Weka Toro, beba kopo mbili za dagaa!"

Na watu wazima, macho yamevimba kwa kilio, wakapanga foleni upya. Niliwadharau wote, shangazi zangu wakiwemo.

Jeneza linanyanyuliwa, dada akapiga, analia.

"Dufie, simu inaniambia kivinjari changu hakifai, nipakue Zipa. Nikipakua, inasema haipatikani nchi hii!"

Nikalifuata jeneza hadi makaburini, nikamuwashia video, nikaelekeza kamera kaburini. Bosi wa Zipa akaiziba kwa kiganja.

"Sista, mkataba. Kurusha ni sisi tu."

"Huyu ni baba yangu, mpuuzi wewe!"

"Muulize mzee wako alisaini nini."

Mzee Agyapong alikuwa anatazama viatu vyake. Nilipofanikiwa kumsukuma yule bwege pembeni, kaburi lilishafukiwa.

Sasa ile simu ya siku ya tisa. Nikapokea. Sauti imechangamka kama ya harusini.

"Hongera, Mzee Boaten! Watu mia nne walipakua Zipa siku ile, wote wakaifuta kabla ya jeneza kutoka. Wewe peke yako ulitazama mazishi mwanzo mpaka mwisho!"

Nikakumbuka. Yule msichana alikuwa ameiacha simu ya baba wazi pale mezani, Zipa ikirusha mazishi.

Yaani baba alitazama akizikwa. Dada yangu hakuona hata koleo moja la udongo.

"Umejishindia kofia ya Zipa, mzee wetu! Tukuletee wapi?"

"Mpelekeeni Mzee Agyapong," nikasema. "Na mwambieni aivae siku dada Afriyie akimpigia."

Funzo mnalijua, ila nitalisema kwa uchungu wangu: anayekuhonga tambi ili utumie kitu cha bure, anajua mwenyewe kwamba hakina maana. Na ukiwa na msiba, kaa juani. Mahema ya bure nimeshayaona bei yake.