Tulipopima Shamba kwa Stima ya Gari

Juzi mpwa wangu alinipeleka Naivasha kwa gari lake. Kabla hatujafika Gilgil akachomoa waya, akauchomeka pale pa kuwashia sigara, akaniwekea kompyuta yake mapajani. "Aunty, umeona? Inakula stima ya gari!" Alilisema jambo hilo kwa sauti ya mtu anayemfunza mtoto kufunga viatu. Nilinyamaza, kwa sababu safari ilikuwa bado ndefu na sikutaka kumkata maini. Lakini wacha niseme hapa: mimi nimepiga hesabu kwa stima ya gari kabla babake hajaota ndevu.

Nilikuwa karani wa mpima ardhi mmoja mjini Nakuru, miaka ya sabini. Bosi wangu alikuwa Mhindi, mpole, mrefu, mwenye kuchukia vumbi katika kazi ambayo haikuwa na kitu kingine ila vumbi. Yeye na vibarua walipima, mimi nikapiga hesabu. Mwanzoni tulitumia vitabu vya logi, vile vya tarakimu tupu ukurasa baada ya ukurasa, na hesabu ya shamba moja ilikula siku nzima na kukuachia kichwa kinauma. Halafu bosi akanunua mashine. Iliitwa ya mkononi, lakini ilikuwa na ukubwa wa mkate, na nambari zake ziliwaka nyekundu kwenye kidirisha. Aliipenda kuliko gari lake. Aliifunga kwa kitambaa cha flaneli, na ukitaka kuigusa bila kunawa mikono alikutazama tu mpaka ukaenda kunawa.

Ubaya wake ulikuwa ulafi. Zile nambari nyekundu zilimaliza betri za ndani haraka sana, na kuzichaji kulitaka stima ya ukutani. Stima ya ukutani ilikuwa mjini, na mashamba tuliyopima hayakuwa mjini.

Shamba ninalolisema lilikuwa huko juu ya Bahati. Mzungu aliyekuwa nalo aliuza akaenda zake, na watu wakajikusanya wakalinunua kwa pamoja, kama ilivyofanyika kila mahali Bonde la Ufa wakati ule. Kila mwanachama alikuwa na haki ya kipande kimoja, sawa na cha mwenzake, na kipande ulikipata kwa kuokota namba kutoka kwenye kofia. Mama yangu alikuwa mwanachama. Alikuwa mjane, na alikuwa amechuma maua ya pareto ya mzungu huyo huyo, kwenye shamba hilo hilo, tangu mimi sijazaliwa. Bosi alijua hayo yote. Aliniambia tu kwamba kazini sina mama, nina kazi.

Sasa, kamati ya shamba haikuwa na subira ya kungoja mpima. Walikata kamba ya katani, wakaipima vizuri asubuhi ya kwanza, wakaivuta shamba zima wiki kadhaa wakipigilia vigingi. Vigingi vikafika kwenye ua wa mwisho, pale kwenye korongo, na watu bado hawajaisha. Kamati ikakaa ikaamua kwamba shamba ni dogo kuliko mzungu alivyosema. Na kama shamba ni dogo, nani atakosa? Haya, kisia. Wajane! Mwenyekiti akasema wajane watangojea shamba lingine litakaponunuliwa. Mimi naomba nionyeshwe hata mtu mmoja aliyewahi kungojea shamba lingine akalipata.

Serikali ndiyo iliyowalazimisha kutuita. Tulilipima shamba upya, kwa mnyororo wa chuma na darubini, na siku ya mkutano wa kuokota namba kazi iliyobaki ilikuwa hesabu tu. Watu walikuwa wamejaa kwenye uwanja wa banda la kukaushia pareto, wanaume mbele, wanawake nyuma. Mimi nilikuwa ndani ya gari la bosi na mashine mapajani, nikijumlisha kona baada ya kona, ili nijue shamba zima lina ukubwa gani. Nilipofika upande wa msitu nambari zikafifia, zikawa kama makaa yanayozimika, zikazimika. Nikabonyeza. Nikatikisa. Aka, hakuna kitu.

Mwenyekiti alikuja akachungulia dirishani. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa mzee wa kanisa, mwenye koti zito na sauti nzuri ya kuongoza sala, na aliniudhi zaidi kwa sababu hiyo.

"Mashine imekataa?" akauliza.

Bosi akamwambia atarudi mjini kuichaji, hesabu iishe kesho.

"Kesho hakuna mkutano, bwana. Watu wametoka mbali. Tutaokota namba kwa vigingi vyetu, na hawa akina mama watangoja kidogo."

Kidogo! Nilijua, na kila mtu pale uwanjani alijua, kwamba namba zikishaokotwa leo, kesho majembe yameingia, kesho kutwa kuna kabeji, na hakuna binadamu ambaye angeng'oa kigingi kilicho na kabeji. Nikamtafuta mama kwa macho. Alikuwa ameketi chini na wenzake, amenyoosha miguu, anaangalia mikono yake. Hakuniangalia hata kidogo.

"Bosi," nikasema, "fungua boneti."

Aliyekulia nyumba isiyo na stima anajua nilichokuwa nacho kichwani. Betri za gari wakati ule hazikuwa zimefunikwa juu kama za leo. Ulikuwa unaviona vyumba vyake sita, na vipande vya madini ya risasi vikiunganisha chumba na chumba. Redio ya mawe manne, zile betri ndogo za dukani, ukiipa vyumba vyote sita, umeiua. Ukiipa vitatu, inaimba. Nyumbani betri kuukuu ilikaa chini ya meza, waya mmoja kwenye ncha, wa pili umefungwa kwa msumari uliochomwa kwenye kipande cha tatu, na habari tukazisikia kila jioni kama watu wengine wote. Na mashine ya bosi, kwa ujeuri wake wote, ilikuwa ya mawe manne.

"Hii si redio," bosi akasema. Alikuwa ameikumbatia.

"Najua si redio. Lakini inakula chakula kile kile."

"Na ikiungua?"

"Ikiungua nifute kazi hapa hapa, mbele za watu."

Aliniangalia. Halafu akaangalia ule uwanja, wanaume mbele, wanawake nyuma. Akaenda kwenye buti akarudi na koleo. "Usiguse bodi ya gari," akaniambia kwa sauti ya chini. "Hili ni la Kiingereza la zamani. Bodi yake imefungwa kwenye upande wa kujumlisha wa betri. Ukikosea upande, kwaheri." Nilipokata waya wa kuchajia mashine, nipate ncha mbili tupu, alifumba macho.

Nikachoma msumari kwenye kipande cha tatu. Nikafuata alama zilizochorwa kwenye tundu la mashine, kujumlisha kwa kujumlisha, kutoa kwa kutoa. Nikaiweka mashine juu ya madigadi, nikabonyeza. Sifuri nyekundu ikawaka. Mtu akapiga mbinja huko nyuma.

Hapo ndipo mwenyekiti alipoamua kunisaidia. "Basi washeni gari," akasema, "moto uwe mwingi," na akafungua mlango wa dereva aingie. Nikaruka. Stata ikizunguka tu na mashine iko hapo, ule mshtuko ungeimaliza papo hapo. Nikapitisha mkono dirishani, nikachomoa ufunguo, nikautia ndani ya blauzi, kifuani.

"Gari haliwashwi."

"Msichana, lete ufunguo."

"Uko hapa, mzee. Njoo uuchukue."

Wee! Wanawake walicheka mpaka wengine wakalala chini. Mwenyekiti alirudi hatua mbili kama aliyekanyaga moto, akamgeukia bosi, akamwambia amfundishe adabu msichana wake. Nikangoja nisikie bosi atasema nini. Mtu yule alikuwa akila kutokana na kamati kama hizi, na neno moja baya lingefika mashamba yote mpaka Subukia. Akatoa leso, akapangusa vumbi kwenye miwani, akafungua daftari la vipimo vyetu, akaanza kunisomea. "Kona ya kwanza," akasema.

Lakini nambari sikuziona. Jua lilikuwa la saa saba, na ule wekundu ulimezwa kabisa na mwanga. Nikakinga kwa mkono, mkono ukakosa kubonyeza. Nikainama, nywele zikaniingia machoni. Nilikuwa karibu kulia kwa ghadhabu nilipoona kivuli kimekuja juu yangu. Mama alikuwa amesimama. Alikuwa amepita katikati ya wanaume wote, amevua shuka lake, amelishika kwa mikono miwili juu ya boneti kama anayeanika nguo. Mwenzake akaja akashika upande wa pili, na nambari zikaonekana.

Tulienda hivyo. Bosi anasoma, mimi nabonyeza, wazee wananung'unika kwamba mkutano umegeuka kuwa karakana. Mtu mmoja akasema wanawake na betri ni mambo ya kuleta nuksi. Nikamwambia asogee, ananizibia hewa. Nilipomaliza nikamwonyesha bosi. Akasema, "Rudia." Nikarudia kutoka kona ya mwisho kuja ya kwanza. Jibu likawa lile lile.

"Shamba linatosha," bosi akatangaza. "Watu wote, na njia, na kiwanja cha shule kinabaki."

Uwanja ukalipuka kwa kelele. Mwenyekiti akainua fimbo yake. "Kama linatosha, vigingi vyetu vimeishia korongoni namna gani? Sisi ni waongo?"

"Leteni kamba," bosi akasema.

Ikaletwa, imekunjwa vizuri, kamba iliyotumika ikawa laini. Wakailaza chini kando ya mnyororo wa chuma, mwanzo kwa mwanzo. Ikafika mwisho wa mnyororo, pale ilipotakiwa kukoma, ikapita. Ikaendelea kupita huku watu wameinama wakiiangalia. Wiki zile zote vijana wenye nguvu walikuwa wakiivuta, kwenye umande na kwenye jua, juu ya visiki na ndani ya mitaro, na katani ikazidi kurefuka. Kila kipande walichokipigilia kigingi kilikuwa kikubwa kuliko haki yake, na ziada hiyo yote ilikatwa kwa walio mwisho wa foleni. Hakuna aliyekumbuka kuipima kamba mara ya pili.

Watu nikiwasimulia wanataka niseme kamati walikuwa wezi. Hawakuwa wezi. Walivuta kamba kwa nguvu na kwa moyo safi, nakubali, hata leo ningewatetea. Lakini ardhi ilipopungua hawakuitilia shaka kamba. Waliinua macho wakaangalia nyuma ya mkutano, pale walipoketi mama yangu na wenzake, na hilo sijawasamehe wala sina haraka.

Ikakubalika kwamba vigingi vitasogezwa Jumatatu kwa mnyororo wa chuma, na namba ziokotwe leo, na kila mwanachama aokote. Mwenyekiti akavua kofia yake mwenyewe kuweka karatasi ndani, na nitampa haki yake, hakununa. Wanaume wakaokota. Wanawake wakaokota mwisho, maana mambo mengine hayaishi kwa siku moja.

Mama alifunga shuka lake vizuri kabla ya kutia mkono. Akatoa karatasi, karani wa kamati akaifungua: namba ya kule juu ya korongo, mawe matupu na upepo. Yeye hata hakuguna.

"Niandike jina la nani?" karani akauliza. "La marehemu? Ama la kijana wako mkubwa?"

Kijijini mama alikuwa anaitwa kwa jina langu, mama fulani. Kanisani aliitwa mke wa marehemu. Kwa mzungu alikuwa na nambari ya kikapu cha pareto. Jina lake lenyewe lilikuwa limelala kwenye cheti cha ubatizo, sandukuni, na sikuwahi kumsikia mtu yeyote akiliita.

"Andika langu," akasema. Akalitaja, na la baba yake akalifuatisha, si la mume.

Karani akamwangalia mwenyekiti. Mwenyekiti akaangalia kofia yake. Mama hakusogea. Kalamu ikaandika, ikachukua muda, na alipomaliza karani akamwambia basi, mama, enda.

Mama hakujua kusoma. Akageuka akaniita kwa kidole, kama alivyoniita utotoni. "Njoo uone ameandika nini. Soma."

Kwetu mtoto hamtaji mama yake kwa jina. Humtaji hata ukiwa peke yako, sembuse mbele ya wazee wa shamba zima na mwenyekiti wao. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba ni sawa, ameandika vizuri.

"Sijakuuliza kama ni sawa," akasema. "Nimesema soma. Wasikie."

Nikasoma, kwa sauti kubwa niliyokuwa nayo.