Viatu Vilivyotazama Ndani

Fusae hakuacha kamwe kugeuza viatu vya wageni. Mgeni akishavua na kuingia, yeye huinama mlangoni na kuvielekeza nje, ili mwenyewe akiondoka avivae bila kuhangaika. Alimfanyia daktari, akamfanyia hata fundi wa gesi. Viatu vya mtu mmoja tu hakuvigusa: vya Chizuru, binti yake wa pekee, aliyekuja kutoka Osaka kila Jumapili. Jambo hilo lilimkaa Chizuru moyoni. Fundi wa gesi anastahili, mimi sistahili?

Vuli moja mama akataka kupelekwa Kitano, mlimani juu ya bandari ya Kobe, kwenye nyumba ya mbao ya kijani alikokuwa yaya wa Wajerumani kabla hajaolewa. Siku hizi huingia watalii. Walipofika mlangoni, Fusae akavua viatu.

"Bibi, humu watu wanaingia na viatu," alisema binti wa tiketi.

"Watu wa wapi hao? Sakafu hii nimeisugua kabla mama yako hajazaliwa. Siikanyagi na viatu, mjukuu wangu."

Binti akacheka, akamtafutia ndara.

Ghorofani, Fusae alisimama kwenye dirisha la chumba cha mtoto. Mapaa yalishuka hadi baharini.

"Hapa ndipo Lotte alipokuwa akiningoja nirudi sokoni."

"Lotte ndiye nani?"

"Mtoto wao. Wazazi waliingia na matope yao, lakini yeye alivua, kama mimi. Na mimi nikavigeuza vitazame nje. Vidogo hivi." Akaonyesha kwa vidole. "Asubuhi moja wakampeleka melini, wakarudi kwao. Alivivaa haraka mno, Chizuru. Hata kukaa chini hakukaa."

"Ndiyo maana vyangu huvigeuzi?"

Mama alifuta kioo kwa mkono wa kimono, mahali palipokuwa safi tayari.

Baridi ilipoingia, Fusae hakuweza tena kuinuka. Jumapili moja jioni Chizuru alikwenda mlangoni, akavikuta viatu vyake vinatazama ndani, kama alivyoviacha. Alikaa chini. Alifunga kamba, akaifungua, akaanza upya. Treni ya Osaka ilikuwa inamngoja, na hakutaka kuiwahi.

"Umeshavaa?" mama aliuliza kutoka kitandani.

"Bado, mama."

"Vizuri. Hangaika navyo kidogo."