Bunduki Niliyoisingizia Kutu

Naongoza wageni katika makumbusho madogo hapa Kigali. Tulipopewa bunduki kuukuu ya kuwindia, nilijiona bingwa kwa kutambua kuwa zamani ilikuwa ya jeshi, ila mtutu ulifupishwa na kitako kikachongwa upya. Bolti, chuma cha kuingizia na kutolea risasi, ilikataa kufunguka. Niliipaka mafuta siku tatu, kisha nikawatangazia wageni, "Kutu imeigandisha, haina madhara." Wakapiga nayo picha, wengine wakichungulia mtutuni.

Jana, mkurugenzi akiwepo, mama mmoja wa mtaa wa Kagarama, mwanajeshi mstaafu, aliishika akaielekeza ukutani.

"Kaka, hii haina kutu. Iko imefungwa usalama tu."

Akageuza kidude cha usalama kilicho nyuma ya bolti kwa kidole gumba, akavuta bolti. Risasi nzima ikaruka, ikabingirika hadi kwenye viatu vya mkurugenzi.