Gamba Ambalo Sikuliinua

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumchora kasa mwenye kucha. Kila ninapopita karibu na maseremala, harufu ya vanishi hunirudisha pale pale: darasa la sita, Waithaka, pembezoni mwa Nairobi, miaka ya tisini ikianza, nami nimeinamia karatasi kama mtu anayesaka sindano. Madam Wairimu, mwalimu wetu, alitaka mchoro wa kisiwa na viumbe wa baharini wanaolindwa na sheria.

Sikuwa nimewahi kuiona bahari. Nilimjua kobe mmoja tu, aliyeishi kwenye bustani ya matajiri kule Lavington ambako shangazi yangu alikuwa mpishi. Kwa hiyo kasa wangu akapewa miguu minene ya kobe yule. Salma, jirani yangu wa dawati, ambaye nyanya yake aliishi kisiwani upande wa Lamu, alicheka hadi machozi.

"Huyo ataogelea vipi na buti, wewe? Ama anaenda jeshi?"

Nilirarua karatasi. Salma akanionyesha kwa mikono yake jinsi kasa anavyopiga maji, akanieleza wanavyopanda mchangani kutaga, na kwamba kuwaua ni kosa. Nilichora, nikafuta, nikachora tena mpaka karatasi ikatoboka, nikaanza nyingine. Madam aliupenda mchoro, akanichagua nisimame siku ya wazazi nieleze kwa nini kasa wanalindwa. Nilikariri nikioga, nikichota maji, nikila. Niliogopa kukosea neno kuliko nilivyoogopa kiboko.

Asubuhi ya siku yenyewe mzazi mmoja alileta zawadi yake kwa shule: gamba la kasa, kubwa kama karai, limepakwa vanishi likang'aa. Alikuwa amelitoa Mombasa. Wakati ule waliojiweza walipenda kuweka kitu cha bahari sebuleni, kando ya televisheni.

"Ukianza kusema, liinue juu wazazi waone," Madam aliniambia.

"Madam, siwezi kusema wanalindwa na nimeshika mmoja ameuawa."

"Wacha maneno mingi. Mzazi aliyelileta ataonaje?"

"Basi mimi sishiki."

"Basi kaa chini."

Nikakaa. Mvulana mwingine akaliinua gamba, akasema sentensi mbili kwa kubabaika, akapigiwa makofi.

Njiani kwenda nyumbani mama alinishika bega. "Ulisahau, eh? Si kitu, baba."

Hilo ndilo lililoniuma. Sikuwa nimesahau hata neno! Nilimweleza yote, naye akasema mwalimu ni mwalimu.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile nilishindwa, maana hakuna aliyenisikia. Baadaye sana nilielewa kuwa yale niliyoyakariri yalikuwa maneno ya Salma na ya Madam. Yalikuja kuwa yangu pale nilipokataa kulishika gamba, nikakaa chini. Na hadi leo nasema lile gamba halikuwa zawadi.

Bado naogopa kukosea. Lakini sasa nikiona jambo si sawa nakataa, hata kama watu watadhani nimesahau maneno.