Nyumba ya Yema Siku Umeme Uliporudi

Jebbeh Ngevao ndiye mwanamke pekee niliyewahi kumwona akipanda nguzo ya umeme hapa Fanimahun. Kazi hiyo alifunzwa kwenye mtambo wa zamani wa dizeli. Mtambo ule ulipokata roho, tuliendelea kumwita Mama Umeme, kwa dhihaka, kwa miaka tisa.

"Mama Umeme, huo umeme wako unakuja kwa miguu?" wauza samaki walimchokoza.

"Unakuja kwa magoti," aliwajibu. "Unawaombea dhambi zenu."

Mtambo ulikufa wiki ileile tuliyoingiliwa na ule ugonjwa wa kuambukizana. Dada mkubwa wa Jebbeh, Yema, alichukuliwa mchana kweupe, saa chache baada ya umeme kukatika, yeye na mumewe na binti yao Sallay. Watu waliojifunika mavazi meupe toka unyayo hadi utosi waliwapakia garini, wakapulizia nyumba dawa, wakafunga. Hakurudi hata mmoja, wala hatukuonyeshwa makaburi. Ufunguo alibaki nao Jebbeh, na hakuutumia. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kinatazamana na nyumba ile. Nimewaona watu wakivuka upande wangu wa njia ili wasiipite karibu. Hata mbuzi hawakulala barazani pake.

Halafu mtambo mpya ukajengwa kwenye maporomoko, wa kuendeshwa kwa maji. Jebbeh akapewa kazi ya kukagua: aingie kila nyumba, azime swichi zote, achomoe kila kilichochomekwa, maana umeme uliondoka ghafla na watu walikuwa wameacha vitu kama vilivyokuwa. Nyumba zilikuwa mia mbili na kumi na moja. Aliziingia zote ila moja, na hiyo moja akaitia alama kama zingine.

Siku za majaribio nyaya zilianza kuvuma juu ya vichwa vyetu. Balbu zilipata wekundu hafifu saa sita mchana, kama jicho la mtu mwenye homa, kisha zikafifia. Mbwa wa mtaa wetu walihamia upande wa mto, na hakuna aliyewafukuza.

Umeme wenyewe ulikuja Ijumaa, watu wakitoka msikitini. Vigelegele vilipaa mtaa mzima. Halafu vikakatika, upande wetu kwanza, kwa sababu ndani ya nyumba ya Yema redio ilikuwa imewaka. Ilikoroma, ikakohoa, kisha sauti ya mwanamke ikaanza kucheka. Tulisimama njiani tukiisikiliza. Mama mmoja akambeba mwanawe na kumziba masikio.

Ndipo ikaja harufu ya nguo inayoungua.

"Jebbeh," nilimwambia, "si ulisema umezima kila kitu?"

Alikuwa ameushika ufunguo tayari.

"Sikuingia, Kaka Moiwo. Niliandika nimeingia. Sikuingia."

"Kata kule nguzoni!" mtu alipiga kelele.

"Ngazi iko mtamboni," Jebbeh alisema. "Mpaka ifike, nyumba imekwisha."

Akafungua mlango. Nilimfuata hadi kizingitini, nikachungulia kutoka hapo. Feni ya darini ilikuwa ikizunguka na kumwaga vumbi lake chini. Pazia la jikoni liliinuka na kushuka, likainuka tena, kama kuna mtu anayepita na kurudi. Chumbani kwa Sallay taa iliwaka juu ya kitanda, na chandarua kilikuwa kikipumua. Mezani pasi ilikuwa imelalia sare ya shule ya mtoto, moshi ukipanda pande zote mbili. Jebbeh aliichomoa, akaitupa sare sakafuni na kuikanyaga. Redio hakuizima. Alisimama katikati ya chumba, akaita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tukiwa watoto.

"Dada Yema?"

Umeme ukakatika. Yule mwanamke wa redioni alinyamaza katikati ya kicheko. Feni iliendelea yenyewe, polepole, ikapunguza, ikasimama. Jebbeh hakutoka mpaka jua lilipoelekea kutua.

Jumatatu alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa mtambo, akakiri. Alisimamishwa kazi. Baada ya miezi miwili walimrudisha, kwa kuwa umeme wa maporomoko nao unakuja siku tatu na kukosa mbili, na hapana mwingine anayezijua nyaya zetu.

Katika miezi hiyo alifungua madirisha ya nyumba ile, akapiga deki, akahamia. Kisha akapika wali na kisamvu kwa mawese, akatualika arobaini ya Yema, iliyochelewa miaka tisa. Wengi walipokea sahani zao wakiwa wamesimama uani.

"Ingieni jamani," alisema. "Waliougua ni watu, si kuta hizi."

Mimi niliingia kwanza, wengine wakafuata. Tulikula mlango wa chumba cha Sallay ukiwa wazi, na hakuna aliyeketi akiupa mgongo.